Kuanza kufuga nyuki nyumbani hapa Pwani: gharama, mahali na muda wa kungoja

Anayetaka kufuga nyuki huanza na swali la pesa: niwe na shilingi ngapi mkononi? Jibu fupi ni kwamba mizinga miwili, mavazi ya watu wawili na vyombo vya kurinia asali vitakula kama shilingi 27,000. Hesabu yenyewe iko huko chini. Lakini kabla ya pesa kuna swali jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: kutoka mlango wa mzinga hadi mlango wa jirani yako ni hatua ngapi? Ukikosea hilo la pili, hata laki moja haitakusaidia.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi vijana wengi hujifunza ufugaji kwenye simu. Wanamwona mzungu amekunja mikono ya shati, hana hata kofia, anafungua sanduku la nyuki lililoko nyuma ya jikoni, watoto wanacheza pembeni. Basi na wao wanataka kuweka mzinga uwani. Yule si nyuki wetu. Wa Ulaya amechaguliwa na wafugaji kwa vizazi vingi ili awe mpole. Nyuki wa pwani yetu, ambaye wataalamu humpa jina lake mahsusi, Apis mellifera litorea, ni mdogo kidogo wa umbo, hodari wa kazi, na ana mambo mawili ambayo mfugaji lazima ayajue tangu siku ya kwanza.

La kwanza ni ukali. Nyuki mmoja akidunga, mwiba wake huacha harufu inayowaita wenzake, na wenzake wa huku huja wengi, haraka, na hukufuata mbali. Harufu hiyo inakaribiana sana na ya ndizi mbivu, ndiyo maana wafugaji huambizana wasile ndizi kabla ya kwenda mzingani. Ukali wa nyuki wa Afrika umepata kujulikana dunia nzima: mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia waliotoka Afrika Kusini na Tanganyika, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro, yakachanganyika na nyuki waliokuwapo, na vizazi vyao vikaenea mpaka Marekani. Wale wanaotajwa kwenye sinema kuwa nyuki wauaji ni jamaa wa hawa walioko kwenye mibuyu yetu.

La pili ni kuhama. Nyuki wetu akisumbuliwa mno, akikosa maji, akivamiwa na siafu au akiona maua yamekwisha, haoni tabu kuacha nyumba nzima na masega yake, akaondoka na malkia. Unaweza kulala una mzinga uliojaa ukaamka una sanduku tupu. Ni tabia yake hiyo, wala usidhani umerogwa.

Uwani au shambani?

Mzinga wangu wa kwanza niliuning'iniza kwenye mkwaju, hatua kama 20 kutoka jikoni. Nilijiona nimepata mahali pazuri: kivuli kipo, maji ya kisima yako karibu, na mkwaju wenyewe ukichanua nyuki huujaa. Kwa miezi minne hakukutokea jambo. Siku moja alasiri kijana alikuwa akikata kuni, kipande cha gogo kikaruka kikaupiga mzinga. Yeye alikimbia, akapona na madungo kama kumi. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa kamba upande wa pili wa ua, hakuwa na pa kukimbilia. Kufikia magharibi alikuwa amekufa, pamoja na kuku watatu. Mama mwenye mbuzi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa nyuki uliwaleta wewe, au walikuja wenyewe?" Nilimlipa mbuzi wake, nikauhamisha mzinga usiku wa siku ya tatu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Mzinga wa nyuki wanaouma uwe si chini ya mita 50 kutoka kwenye nyumba, njia ya watu, kisima cha kijiji na zizi, na ukipata mita 100 au zaidi ni bora. Shule na msikiti viepukwe kabisa. Katikati ya mzinga na watu pawe na ua mrefu wa miti au vichaka. Nyuki akikuta kizuizi hupanda juu ndipo aruke, akapita juu ya vichwa vya watu badala ya usoni mwao. Mlango wa mzinga uelekee upande usio na njia, na uupe mgongo upepo wa kusi, ambao hapa kwetu unajulikana kwa nguvu zake. Mnyama asifungwe kamba karibu. Wenzetu wa Lamu hili lawahusu zaidi, maana punda akifungwa hawezi kujinusuru.

Waambie majirani kabla, wala usingoje wagundue. Waeleze ni siku gani utarina, ili wafunge madirisha na kuwaita watoto ndani. Anayeishi Mji wa Kale, Majengo au mtaa wowote wa nyumba zilizoshikana asijaribu mzinga wa nyuki hawa, hata juu ya dari.

Lakini si kwamba mwenye ua mdogo amekosa kabisa. Wako nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wanaofanana na nzi wadogo, ambao hukaa kwenye matundu ya miti, nyufa za kuta na wengine ardhini. Hawa hawana mwiba wa kudunga. Wakiudhika huingia kwenye nywele na masikio, wakauma kidogo kwa meno, basi. Asali yao huihifadhi katika vijungu vidogo vya nta na utomvu badala ya masega, na ladha yake ina uchachu. Ni kidogo sana: kundi moja hukupa lita moja kwa mwaka au pungufu. Lakini bei yake kwa kawaida hupita ile ya asali ya kawaida, kwa sababu watu huitafuta kama dawa. Ina maji mengi zaidi, kwa hiyo huchacha upesi na ni vyema iwekwe kwenye friji. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimewafunza wakulima, hasa wa kandokando ya msitu wa Kakamega, kuwafuga katika visanduku vidogo. Kwa mwenye ua wa mjini, huu ndio ufugaji wa nyumbani hasa. Kisanduku chake ni cha mbao chache tu, fundi yeyote hukitengeneza.

Mzinga upi?

Mzinga wa gogo wa wazee wetu ni rahisi, mara nyingine hukugharimu jasho lako tu. Ubaya wake ni kwamba ukirina unakata kila kitu, asali na majana pamoja, na kundi mara nyingi huhama. Kuna mzinga wa Langstroth, uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, wenye masanduku yanayopandana na fremu ndani yake. Ni mzuri kwa mwenye mizinga mingi na mashine ya kukamulia. Mashine ndiyo siri yake: bila mashine, faida ya kurudisha masega matupu kwa nyuki haipo, na umelipia sanduku la bei kubwa bure.

Katikati yao kuna mzinga uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, ukisaidiwa na wataalamu wa Canada, unaoitwa KTBH. Ni kama hori lenye kuta zilizoinama, na juu yake pamelazwa vipande vya mbao bega kwa bega kama pau za dari. Kila upau hubeba sega moja. Unainua upau mmoja mmoja, unatazama, ulio na asali unauchukua, ulio na majana unaurudisha. Hauhitaji mashine: asali unaiponda na kuichuja kwa kitambaa. Huu ndio ningemshauri anayeanza.

Kuna kipimo kimoja tu cha kumkazia fundi: upana wa upau uwe milimita 32. Si 30, si 35. Nyuki wetu hujenga masega kwa nafasi hiyo. Upau ukiwa mpana au mwembamba, sega moja litashika pau mbili, na siku ya kurina utavunja kila kitu. Chini ya kila upau, katikati, pawe na mfereji mwembamba wa kupaka nta ili wajue pa kuanzia. Mbao zisiwe zimetiwa dawa ya mchwa. Rangi, kama unataka, ni ya nje peke yake.

Uning'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiunoni. Nguzo za mvinje zafaa na wengi tunazo shambani. Paa la bati pekee kwa jua letu ni jiko, kwa hiyo tandika makuti juu. Nyuki huweka joto la mahali pa majana kwenye nyuzi 34 hadi 35, na mzinga ukichemka wanaacha kutafuta maua wakaenda kubeba maji ya kuupoza. Sega jipya nalo hulainika na kuanguka. Wawekee karai la maji lenye mawe au vipande vya makumbi ya kutua, la sivyo watakwenda kwenye ndoo za jirani, na ugomvi utaanzia hapo.

Nyuki wenyewe hununuliwi

Hapa ndipo gharama kubwa isiyoandikwa ilipo: kungoja. Mara nyingi huku kwetu nyuki huja wenyewe. Kundi likigawanyika wakati maua ni mengi, sehemu huondoka na malkia kutafuta nyumba, na wewe unataka waione yako. Kwa hivyo mzinga utundikwe kabla ya msimu wa maua. Ukisubiri maua yaishe ndipo uutundike, hutapata mtu. Yeyusha nta ya zamani, ipake kwenye mifereji ya pau na mlangoni. Kisha chukua majani ya mchaichai, yale yale ya chai, uyasugue ndani ya mzinga. Harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki hutoa kuitana nyumbani, na hii si ushirikina, kemikali moja iko kwa wote wawili.

Mzinga ukiwa juu ya mti, mita tatu au nne, huwavuta zaidi kuliko ukiwa chini. Wengi hutumia kisanduku kidogo cha kutegea, wakakitundika juu, na nyuki wakishaingia na kuanza kujenga wanawahamishia kwenye mzinga mkubwa jioni. Pengine utangoja wiki mbili, pengine miezi minane. Wakati huo pitia kila juma ufagie utando wa buibui na kuangalia mijusi na mchwa. Wakishaingia, usiwafungulie fungulie. Waache mwezi na zaidi wajenge.

Ukiona kundi limetua kwenye tawi kama kifurushi, usilichome moto na usilimwagie mafuta ya taa. Nyuki walioko safarini hawana asali wala watoto wa kulinda, kwa kawaida ni watulivu, na huondoka ndani ya siku moja au mbili.

Hesabu ya shilingi 27,000

Bei zifuatazo ni za kukisia, zinapishana kati ya Mombasa, Malindi na Ukunda, na fundi wa mtaani huwa rahisi kuliko duka. Mizinga miwili ya KTBH, 4,500 kila mmoja, ni 9,000. Mavazi kamili yenye wavu wa uso, 4,000 kwa mtu mmoja, na lazima yawe mawili kwa sababu kazi hii haifanywi peke yako: 8,000. Glavu jozi mbili 1,400. Gambuti jozi mbili 2,000. Bomba la moshi 2,000. Waya na grisi 1,000. Patasi, kisu na brashi laini 500. Ndoo mbili zenye vifuniko, za kuwekea chakula, 1,000. Kitambaa cha kuchujia 300. Nauli na kubebesha 1,800.

Ukiangalia vizuri, mizinga ni theluthi moja tu ya pesa hizo. Karibu nusu ni vitu vya kukukinga usidungwe. Wengi hufanya kinyume: wananunua mizinga mitano na kumwendea nyuki wamevaa koti la mvua na chandarua cha mbu. Punguza mizinga, usipunguze mavazi. Njia ya halali ya kupunguza ni kushirikiana: kaya nne au tano za kikundi kimoja zinaweza kutumia mavazi mawili na bomba moja kwa zamu, na kila moja ikanunua mzinga wake peke yake. Hapo mtu anaanza kwa chini ya shilingi 10,000.

Na mapato? Mimi hupiga hesabu ya kilo sita kwa mzinga kwa kila mrino, ingawa wanaouza mizinga hutaja nyingi zaidi. Mwaka wa kwanza tuseme mzinga mmoja tu umeingia nyuki, ukarina mara moja: kilo sita kwa 700 ni shilingi 4,200. Mwaka wa pili mizinga yote miwili, mara mbili: kilo 24, shilingi 16,800. Jumla 21,000, bado hujarudisha mtaji. Ni katika mwaka wa tatu ndipo unavuka, na hapo sijatoa bei ya chupa. Mwenye haraka ya karo ya muhula ujao asitie pesa zake hapa.

Kuna mtego mmoja nitausema waziwazi kwa kuwa niliingia. Huja muuzaji mwenye gari na karatasi za rangi, anauza mizinga ya Langstroth kwa wingi, na kuahidi kwamba asali yote atainunua mwenyewe. Nilichukua sita. Baada ya miezi 14, miwili ilikuwa na nyuki, mmoja umeliwa na mchwa, na simu ya bwana yule haikuwa ikipatikana. Shamba moja lina maua ya kiasi chake. Kabla ya kuongeza mzinga wa tatu, hakikisha miwili ya kwanza imejaa na kukaa mwaka mzima.

Maua ya kwetu

Katika hili Pwani imebarikiwa. Mnazi huchanua mwaka mzima, kwa hiyo nyuki hawalali njaa kabisa. Mwembe, mkorosho na mkwaju huleta misimu mikubwa. Mwembe unaochumwa kuelekea Desemba ulichanua miezi minne hivi kabla, na hapo ndipo mzinga unapojaa. Nyuki huweza kwenda kilomita tatu na zaidi, kwa hiyo asali yako inatoka kwenye mashamba ya watu ambao hujawahi kuwaamkia. Wao pia wanafaidi, kwa sababu maua ya mkorosho na mwembe yanahitaji wadudu ili yashike matunda.

Hapo hapo ndipo penye hatari ya dawa. Anayepulizia dawa ya wadudu maua yakiwa yamefunguka, saa nne asubuhi, anaua nyuki wa kijiji kizima. Kaa na jirani mkubaliane apulizie baada ya magharibi, nyuki wakiwa wamelala, na umsaidie kuchagua dawa isiyodumu. Hili halina sheria ya kukusaidia kwa haraka kama ujirani.

Walio karibu na bahari wana mchu, ule mkoko wenye majani ya kijivu kwa chini, ambao nyuki wanaupenda kupita mikoko mingine. Vikundi kadhaa vya Pwani vimetundika mizinga mikokoni, na wakataji miti hawapendi kupita hapo. Lakini mikoko ni msitu wa serikali, iliyotangazwa hivyo tangu 1932, na kuweka mizinga ndani kunahitaji ruhusa ya huduma ya misitu kupitia chama cha jamii cha msitu. Usiende na mzinga wako kimyakimya.

Siku ya kurina

Nenda jioni jua likizama, au usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu, rangi ambayo nyuki haioni. Kwenye bomba la moshi tia makumbi makavu ya nazi. Yanafuka polepole, moshi wake ni baridi, na hayakununuliwi. Puliza kidogo mlangoni, ngoja dakika mbili, ndipo ufungue. Anza upande ulio mbali na mlango, kwa kuwa asali hukaa huko na majana hukaa karibu na mlango. Chukua masega yaliyozibwa kwa nta angalau robo tatu. Yaliyo wazi bado yana maji na asali yake itachacha. Kata sega ukiacha kipande cha sentimita moja au mbili juu ya upau, wapate pa kuanzia. Masega yenye majana usiyaguse, na uwaachie masega mawili matatu ya asali wale wao. Anayekomba yote ndiye anayewahamisha.

Usiponde asali hapo hapo. Ipeleke ndani, chumba kifungwe, kwani harufu ikitoka watakufuata asubuhi.

Ukidungwa, kwangua mwiba mara moja kwa kucha, ondoka taratibu, puliza moshi mahali palipodungwa ili kuifunika harufu. Kuvimba mahali pale ni kawaida. Lakini mtu akivimba uso au ulimi, akapata shida ya kupumua, akatokwa na vipele mwili mzima au akazimia, mpeleke hospitali wakati huo huo. Usimngojee apate nafuu na usimpake asali wala vitunguu. Akiwahi kupatwa na hali hiyo mara moja, kazi hii si yake tena.

Adui zao

Siafu na majimoto ndio wakubwa. Paka grisi kwenye waya zote, uirudie mvua zikipita, na ukate matawi yanayogusa mzinga, maana hutumia tawi kama daraja. Nondo wa nta huingia mzinga wenye kundi dhaifu, na masega meusi yaliyochakaa huwavuta, hivyo yaondoe. Nyegere haogopi kudungwa, na mzinga uliowekwa chini ni karamu yake. Waya ndio dawa. Keremkerem hula nyuki angani, lakini mzinga wenye nguvu hauumii sana kwa ndege hao. Binadamu mwizi wa asali ni habari nyingine, na mzinga ulio mbali na nyumba, kama nilivyosisitiza, ndio unaomvutia. Kwa hilo sina jibu zuri zaidi ya jirani mwaminifu na mgao wa asali kwake kila mrino.

Kuuza

Asali ina uzito: lita moja ni kama kilo moja na gramu 400. Chupa ya mililita 750 inabeba kilo moja na zaidi kidogo. Anayeuza kwa lita kwa bei ya kilo anajiibia. Ikiganda si kwamba imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda, na ukiiweka chupa kwenye maji ya moto kiasi hurudi. Vipimo vya kiberiti na vya kuidondoshea maji havithibitishi chochote, hata kama mteja anavipenda.

Kuuzia majirani na jamaa, hasa kuelekea Ramadhani, huhitaji jambo moja tu, usafi. Kuweka madukani ni tofauti: chupa yenye lebo inahitaji alama ya ubora ya KEBS, na ni kazi ambayo kikundi huibeba vizuri kuliko mtu mmoja. Anza kwa ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Maofisa wake hutoa ushauri na mara kwa mara mafunzo ya vikundi, na wanajua nani karibu nawe tayari anafuga. Kwenda kumtazama mtu huyo akirina, ukiwa umevaa mavazi ya kuazima, kabla hujatoa hata shilingi, ni bora kuliko kusoma makala haya mara mbili.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe safi namna gani. Inaweza kuwa na mbegu za vimelea ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda lakini la mtoto mchanga haliwezi. Waambie wanunuzi wenye watoto wachanga, na uandike kwenye lebo.

Masega uliyoyaponda usiyatupe. Yachemshe na maji, chuja kwa gunia, acha yapoe, na nta itaelea juu kama kipande cha sabuni. Fundi wa mishumaa au wa mafuta ya kujipaka atainunua. Lakini kipande cha kwanza kiweke, kwa kuwa ndicho utakachopaka kwenye pau za mzinga wa tatu.